Doa Lisilozunguka

Mume wangu hufumba jicho la kushoto akiwa kazini, na amelifumba miaka mingi hata mikunjo ya upande ule wa uso imezidi ya upande wa pili. Ni fundi wa bunduki za kale, zile ambazo wenyewe hawawindi wala hawapigani nazo, wanazipenda tu. Kinachochoka kwanza ni mtutu. Kutu huula kwa ndani, kimyakimya, huku nje nakshi zinang'aa kama hakuna neno.

Yeye huutoboa ule uchakavu kwa keekee ndefu, polepole, akimimina mafuta, kisha huchomeka ndani yake bomba jembamba la chuma kipya lenye mifereji inayojizungusha. Kwa nje bunduki hubaki na uzee wake wote. Akimaliza, husugua ndani kwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kung'arishia, halafu huuinua mtutu kuelekea dirishani na kuchungulia.

Hapo ndipo ninapompoteza. Anasema mtutu ukiwa safi, mwanga hujipanga pete ndani ya pete, zinakwenda zikipungua mpaka kule mbali kabisa. Asubuhi nzima huishia humo. Nikimwita chai inapoa, huitika kwa sauti ya mtu aliye usingizini. Mara nyingi amenikaribisha nitazame, nami nikamjibu kwamba sina nafasi ya kuchungulia mabomba. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona wivu. Wenzangu huwaonea wivu wanawake, mimi niliyaonea mabomba.

Kisha kaka yangu akaleta bunduki ya babu yetu. Kaka hulenga shabaha na wenzake kwenye klabu, na alitaka isikike tena walau mara moja. Ubavuni mwa mtutu kuna ndege aliyechongwa, na mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa mapajani kwa babu nikimpapasa ndege huyo kwa kidole mpaka usingizi unanichukua. Nikamwambia mume wangu waziwazi: hii ukiiharibu, utajipikia mpaka uzeeni. Akasema uzeeni ameshafika, kwa hiyo adhabu ni fupi.

Alitoboa vizuri, bomba likaingia vizuri, akaanza kusugua. Akasugua, na akaendelea kusugua. Alidai kuna doa humo ndani, la kijivu, kama mvuke kwenye kioo. Anasugua, anakwenda dirishani, anatikisa kichwa, anarudi. Kaka alipouliza, nilimwambia kazi nzuri haitaki haraka, huku mwenyewe roho haijatulia. Mtutu ule ulikuwa umebaki mwembamba, hauwezi kutobolewa tena. Mifereji ikifutika, basi, babu anakwenda kutundikwa ukutani akiwa bubu.

Siku moja niliingia na chai nikamkuta anachomoa kitambaa. Kilikuwa na unga mweusi unaometameta. Nimeishi na fundi, najua rangi ya kutu. Ile haikuwa kutu, kilikuwa chuma chenyewe.

Nikapandwa na hasira. Niliweka chai chini, nikamnyang'anya mtutu, nikaenda dirishani na kufumba jicho la kushoto kama yeye.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Pete zilikuwa zimetulia, moja ndani ya nyingine, na mwanga ulikuwa ukizipitia kwa ulaini, ukinivuta niende nao. Sauti za barabarani zilififia. Nikahisi kidole changu chenyewe kimemkuta ndege na kinampapasa, na mimi ni mdogo, na nimelala mapajani kwa mtu. Hasira yangu sikuiona ilikokwenda.

"Hakuna doa," nikasema.

Nikamrudishia mtutu nikamwambia auzungushe, kwa maana doa likiwa kwenye chuma litazunguka na chuma. Mbinu hiyo ni yake, amenisimulia mara nyingi. Lakini hakuupokea.

"Nimeshauzungusha," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Halizunguki."

Kumbe alijua. Alikuwa anasugua mtutu wa babu yangu huku anajua doa liko jichoni mwake. Alisema aliogopa, kwamba akilitamka tu, basi kazi imekwisha na dirisha lake limefungwa. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumgombeza, na nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nikamwambia kesho tunakwenda kwa daktari wa macho, na utando wa jicho kama huo wanautoa kila siku. Akauliza kama huyo daktari anajua pa kuachia kusugua. Nikamwambia kwa vyovyote atamshinda yeye.

Akakaa kwenye kigoda chake.

"Mifereji bado ina makali?"

Nikauinua mtutu tena. Nikaufuata mfereji mmoja kwa jicho, ukazunguka na kuzunguka mpaka ukaishia kwenye mwanga. Nikamwambia bado una makali.

"Na pete ya mwisho, iko katikati?"

"Imekaa pembeni kidogo."

"Wewe ndiye uliyeuinamisha. Inua mkono wa kushoto."

Nikainua. Pete ikajisogeza yenyewe, ikatulia katikati ya zote. Nilipogeuka kumwambia, nilimkuta amefumba macho yote mawili na uso wake umelainika.

"Naiona," akasema. "Usiondoke hapo."

Sikuondoka, na chai ikapoa.