Tuliomba Injini Iwake, Ikagoma Kuzima

Jamani, leo nusura nipoteze fundi.

Mnalijua lile buldoza langu la mtumba. Injini yake ilikufa, tukafunga ya lori, ya kampuni nyingine kabisa.

Leo mchana, gereji Chang'ombe, nikatandika mswala wangu, nikaomba dua. Fundi Seif akapanda, akawasha.

Ikawaka papo hapo. Alhamdulillah!

Halafu mlio ukaanza kupanda wenyewe. Ukapanda. Ukapanda. Moshi mweusi, mabati yanatetemeka.

"Seif, zima!"

"Nazimia wapi, mzee? Waya wa kuzimia haukufika kwenye injini hii, sijaufunga!"

Watu wakatimua mbio. Ikipasuka hii, Seif yuko juu yake.

Kumbe na mpira wa kupitishia hewa wa injini ya zamani nao haukuingia kwenye hii, kwa hiyo pale injini inapovutia hewa palikuwa wazi. Seif akaruka chini, akanyakua mswala wangu, akaukunja, akapaziba kwa nguvu zote.

Injini ikakohoa. Ikazima.

Seif akanigeukia, mswala mweusi tii mkononi.

"Mzee, kwani uliomba nini?"

"Iwake."

"Siku nyingine omba na izimike."