Waridi la Binti Yangu

Uani kwangu Miyuji asubuhi ile tulikuwa watatu, na majina yetu ninayo yote kichwani: mimi, mjukuu wangu kwa mwanangu mkubwa, na jirani ninayeimba naye kwaya. Binti yangu wa mwisho, aliyeolewa mbali na hajaja siku nyingi, alikuwa ameomba kuliona waridi alilopanda kabla ya kuondoka. Nililitunza kwa maji ya kusuuzia vyombo, likachanua.

"Bibi, sogeza simu karibu, gusa ua hapo kwenye kioo, halafu bana pumzi," mjukuu alinielekeza.

Jirani akacheka. "Mwenzetu, unalipiga picha au unalibusu?"

Upepo wetu mnaujua. Kila picha ilitoka na ukungu, mpaka niliposhika shina. Hapo ua likaonekana mpaka unga wa katikati, ila na kidole changu kimo. Tukaituma hivyo hivyo.

Binti akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Mama, nimeliona. Sasa nipigie picha ya huo mkono wote."

Nikampigia, nami nikamwomba picha ya mkono wake, akanitumia. Picha hiyo huwa naikuza kwenye kioo mpaka inaingia ukungu.

Mliokuwepo, kama nimekosea mahali, nisahihisheni.