Sungura wa Bi Zuhura

Nimekosa, jamani. Wala msinitafutie shetani wa kumsingizia. Mkono ulioshika mchi ni huu huu ninaoandikia.

Bi Zuhura alikuwa jirani yangu hapa Kibiti, mjane asiyependa maneno. Alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa malaria, akitunza sungura wanaonyonywa damu na mbu wa kujaribiwa dawa. Mtaani hatukuyajua hayo. Tulijua tu kwamba anaishi peke yake.

Mwanangu alikuwa taabani kwa homa. Alasiri moja natoka uani, namwona Bi Zuhura amepiga magoti chini ya mkorosho, anafukia kitu kidogo kilichofungwa kitambaa cheupe, midomo inamcheza. Ole wangu! Nikaona anamzika mwanangu kichawi angali hai.

Sikuuliza. Nilichukua mchi nikamtwanga nao begani, akaanguka kifudifudi. Nikapiga yowe kwamba mchawi kashikwa, watu wakaja na mipini ya majembe na matofali. Walimpiga mpaka jicho likapasuka, na mimi nilikuwa bado napiga. Napiga, jamani!

Mwenyekiti wa mtaa alipokifukua kile kitu, kumbe ni sungura, ubavu umenyolewa na kujaa alama za mbu.

Bi Zuhura akasema kwa mdomo uliovimba, "Katoa damu yake wanetu wapone. Nimtupe jalalani?"

Tulitawanyika mmoja mmoja kwa aibu, na mbwa wakamgombania yule sungura hapo hapo tukitazama kwa mbali.

Zahanati walimkuta mwanangu na malaria, akapewa vidonge, akapona. Vidonge! Kila nikivikumbuka natamani ardhi inimeze.

Bi Zuhura alirudishwa kwao Kiongoroni. Nikapanda boti nikamfuata kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipa chai, halafu akaniuliza kama yule sungura tulimrudishia udongo wake. Nilishindwa kumdanganya. Nikamwambia mbwa walimla.

Kisha akasema, "Jicho langu nimekusamehe, mwanangu. Deni la yule sungura si langu kusamehe."

Ndugu zangu, ukimwona mtu ana huruma usiyoielewa, muulize kabla hujainua mkono. Muulize! Mimi sikuuliza. Leo nina radhi ya kuomba, na wa kumwomba hayupo.