Mgeni Aliyetaka Kunijazia Gari

Usiniambie nilikuwa na njaa, wala usinisingizie joto la Dar. Nilikuwa nimeshakula, na akili zangu ninazo mpaka leo. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, Kariakoo, Ijumaa mchana kweupe, wanaume wako msikitini na maduka yameshusha mageti.

Mimi nauza vifaa vya umeme, na tunaishi ghorofa ya nne juu ya duka. Mama yangu anaumwa kifua. Moshi wa petroli ukimpata kidogo tu, pumzi inakata. Ndiyo maana nilinunua lile gari la petroli na umeme, unalichomeka ukutani kama simu. Likiwa na chaji, mama anafika kliniki Upanga bila injini kuwaka. Siku hiyo umeme ulikatika tangu usiku, ukarudi adhuhuri. Kliniki ni alasiri, betri haina kitu. Nikashuka kwenye maegesho chini ya jengo, nikachomeka, nikasimama pale kama mtu anayesubiri maharage yaive.

Wateja wangu kila siku wananililia: nipe chaja kubwa, lijae upesi. Nawaambia, gari hili lina kinywa chake. Lipe umeme wa nyumba au wa kiwanda, likishafika kiasi chake halimezi zaidi. Hawaniamini. Wanaenda kununua kubwa duka la jirani.

Basi, nikiwa pale, nikasikia harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Nikageuka. Mzee, kanzu nyeupe, ndevu zimechanwa vizuri. Na mlango wa chuma wa maegesho nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Kapita wapi?

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Umewahi kuona mzee wa watu akaiacha shikamoo ianguke chini? Aliushika waya wa kuchajia, akatabasamu. "Binti, mpaka hili lijae, mama yako si atakuwa ameshachoka kusubiri?"

Sikuwa nimemtaja mama. Nikamtazama miguuni: miguu ya binadamu, na ndala zake. Kisha jicho likaenda ukutani, kwenye luku, ile mita ya umeme. Gari linachaji, taa yake ya kijani inawaka, lakini kile kitaa chekundu cha luku, kinachopepesa umeme unapotumika, kilikuwa kimetulia tuli. Umeme hautoki ukutani. Unatoka mkononi mwake. Wazee walituambia tukague kwato. Hakuna aliyetuambia tukague luku.

"Nitakujazia kabla hawajatoka msikitini," akasema. "Pesa sitaki. Nikimaliza, nitapanda juu nikamsalimie mama."

Niamini, nilitaka kukimbilia ngazi. Kiumbe wa namna ile akimsalimia mgonjwa, kinachofuata ni matanga. Lakini nyuma ya hofu ikaja hasira. Mama yangu? Ndani ya Kariakoo yangu? Nikasema moyoni, huyu kaja kufanya biashara, basi tufanye biashara.

"Sawa, mzee. Ila huku hatulipi kabla ya kazi. Likijaa kabla hawajatoka, panda. Lisipojaa, ngazi zangu huzikanyagi milele. Na nataka nguvu zako zote, si hizi za ncha ya kidole."

Akacheka. "Zote utaziweza?"

"Mimi sizitumii. Liulize gari."

Kiburi, jamani! Akajimimina. Vidole, mikono, kifua, kanzu na ndevu zake, vyote vikaingia ndani ya waya kama uzi kwenye tundu la sindano. Nikatazama skrini ya gari: kasi ya kuchaji ni ile ile. Yeye kaingia kwa kishindo, gari linameza kwa kijiko.

"Binti! Mbona halivuti?" sauti ikatoka wayani.

"Subiri, mzee. Wateja wangu wote wanauliza hivyo."

Akalalama, akabembeleza, akatukana. Hatimaye nikasikia mageti ya maduka yakipandishwa. Watu wametoka msikitini. Betri haijafika hata robo. Nikazima swichi, nikachomoa upande wa gari, nikachomoa upande wa ukuta, nikauviringa waya na yeye ndani, nikaufunga fundo kwa pindo la kanga. Nilipiga vigelegele peke yangu mle chini mpaka mlinzi akaja mbio.

Na hiyo chaji kidogo? Kariakoo mpaka Upanga, kwani ni safari ya Morogoro? Tulifika, injini haikukohoa hata mara moja. Mama alisema kitu kimoja tu: "Kiti kina joto leo." Nikamwambia ni jua.

Mama yupo, anapumua, na bado ananigombeza kwa kuendesha kasi. Waya nao upo, umening'inia nyuma ya kaunta. Kila Ijumaa adhuhuri unapata joto, ile harufu ya pasi inatoka, na kisauti kinaniomba: "Binti, tuelewane." Namjibu aanze na marahaba yangu. Mpaka leo hajaitoa.

Wewe sasa, ukikutana na mtu anayekuahidi kulijaza gari lako kabla chai haijapoa, jiulize kwanza gari lako linameza kiasi gani. Halafu tazama luku. Na ukipita dukani kwangu ukaona waya wa zamani umefungwa kwa kanga, tafadhali, usiulize bei.