Goti la Mukankusi

Mukankusi alibeba matofali kwenye matanuri ya Gatsata miaka tisa, kumi na mawili kichwani kila safari, na hakuangusha hata moja. Anayebisha aende akaulize.

Mwaka wa tisini na moja, akishuka kutoka kwenye tanuri, jirani yake Vestine, mbebaji mwenzake, akamsalimia kwa nyuma. Kwetu mtu akisalimiwa haonyeshi mgongo. Lakini mwenye mzigo kichwani hageuzi shingo, anageuka mzima. Mukankusi akageuka mzima, isipokuwa mguu wa kulia ulikuwa umezama kwenye udongo, ukabaki unatazama bondeni. Paja likaenda na mzigo, muundi ukakaa. Goti likalia, ko! Yeye hakulia. Alisimama tu, akasikia joto ndani.

Siku ya tatu akaenda kwa Kabagwira, bibi anayeunga mifupa. Bibi akalikunja goti, akaushika muundi kwa mikono miwili, akauvuta mbele. Ukaja kama droo ya meza. Wa mguu mwingine haukuja.

“Kamba ya ndani imekatika, mwanangu. Mimi naunga mifupa, kamba siungi.”

“Nitabeba?”

“Ukienda moja kwa moja, utabeba. Kwenye kona goti litakuhama. Na wenzako waambie, mtu akiitwa ahamishe miguu kwanza, hatua fupi fupi, goti limekunjwa kidogo. Mwili ufuate.”

“Kona iko mbili tu.”

“Haya, kichwa ngumu. Nenda.”

Baada ya miezi miwili Nzeyimana, kapita wao, msimamizi wa wabebaji, akamwambia: ukifika chini na kumi na mawili yako, nafasi iko, ukishindwa, anaingia mwingine.

Kona ya kwanza akapita. Ya pili, goti likateleza pembeni kama si lake. Hakuanguka. Akasimama, akamwita Vestine aje amtue.

“Imekwisha, mama,” kapita akasema.

“Nimeona.”

Hakusikia uchungu wala hasira. Alikaa palepale konani, mguu ameunyoosha, wabebaji wakipita. Kila aliyegeuka kwa papara alimwambia kwa sauti kavu, “Miguu kwanza.”

“Hee, mwalimu! Shule inafunguliwa lini?” mbebaji mmoja akacheka.

“Cheka ukitaka. Miguu kwanza.”

Kesho yake akaja tena. Kapita akamuuliza nani kamwajiri.

“Hakuna.”

“Sasa unafanya nini hapa?”

Mukankusi alikuwa anatazama miguu ya Vestine, inageuka mmoja mmoja kwenye udongo, magoti yanafuata.