Babu Bakuli ametutoka: nilikuja na kuni za kumchoma, watu wa kijiji cha Didia wakanizuia

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Ninachosimulia sijakitia chumvi. Kama kuna wa Didia humu na nimedanganya, anisute hapa hapa.

Kwa wasiomjua, Babu Bakuli alikuwa mtawa wa Kibuddha kutoka Sri Lanka. Alikuja na jamaa wa kwao waliokuwa wakichimba visima. Wao wakaondoka, yeye akabaki, kwenye chumba kimoja uani kwa Mama Kulwa, mjane wa pale kijijini.

Kila asubuhi alipita na bakuli lake, kimya. Haombi, hachagui. Ukiweka ugali wa mtama anapokea, ukiweka michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, anapokea.

Mara ya kwanza niliguna: mzee mzima anatembeza bakuli, hana ndugu? Mnisamehe, domo langu halina breki.

Mimi nilikuwa mchimbaji wa dhahabu kule Mwakitolyo. Duara letu, yaani shimo la kuchimbia, likaporomoka na mdogo wangu Masanja akiwa ndani. Tulifukua siku tisa, hatukumpata.

Nikarudi Didia, usingizi ukagoma. Nikifumba macho naona udongo.

Babu ndiye aliyenikalisha kwenye mkeka. "Hesabu pumzi. Mpaka kumi. Kisha moja tena."

Nikamwambia, "Yaani Babu, dawa yenyewe ndiyo hiyo?" Akacheka. Ilichukua miezi, lakini wakuu, nililala.

Nilimpenda yule mzee. Sina namna nyingine ya kusema.

Siku moja nikamuuliza, akifa tumfanyeje. Akajibu, "Kwetu, moto."

Nikadakia: "Basi nitakuchoma mwenyewe, Babu. Nakuahidi." Akatabasamu tu. Mimi nikajua amekubali.

Mwaka huu kifua kikambana. Dawa za zahanati tulimpa zote, ila uzee nao una lake. Asubuhi ya mwisho nilikuwa nimemshika mkono, nahesabu pumzi zake. Nilifika saba. Nane haikuja.

Nililia sana. Kesho yake nikachukua mkokoteni wa ng'ombe, nikajaza magogo, nikaelekea msibani.

Mama Kulwa akaja kunipokea. "Umefanya vizuri. Hizo ni za kupikia?"

"Za kumchomea Babu."

Akasimama mbele ya ng'ombe. Mama wa watu, hata fimbo hana.

"Ng'wanawane, mwanangu, huku anayechomwa ni mwizi. Babu katuibia nini?"

Nikafoka kwamba nina ahadi. Wazee nao wakafoka. Ikawa vurugu tupu mpaka aliposhuka kwenye bodaboda mtawa kijana kutoka Dar, mwanafunzi wa Babu. Nikamkimbilia, nikijua huyu ni wa upande wangu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Aliomba achomwe?"

Wakuu, hakuomba. Yule mzee hakuwahi kuomba kitu chochote.

"Alipokea kilichowekwa kwenye bakuli," akasema taratibu. "Hawa wanampa kaburi. Wewe moto unautakia nini?"

Hapo nikapasuka. Nikasema mbele ya watu wote, "Sitaki udongo umguse. Udongo ulishanichukulia Masanja."

Kumbe ile ahadi sikumpa Babu. Nilijipa mwenyewe.

Mama Kulwa akanishika mkono. "Masanja hukumzika, mwanangu. Njoo tumzike huyu."

Magogo yangu yakaenda jikoni, yakaivisha ugali wa msiba. Bila aibu, nami nilikula.

Tulimzika karibu na mume wa Mama Kulwa, pembeni ya shamba la mtama. Mtawa akasoma sala zake, akina mama wa jumuiya wakasali rozari yao, na hakuna aliyeona ajabu.

Zamu yangu ikafika. Nikapiga magoti, nikachota udongo kwa kiganja. Ulikuwa na joto la jua, udongo wa kawaida tu.

Nikatupa viganja kumi, nikihesabu.

Kisha kimoja tena, cha Masanja.

Nilichojifunza: muulize mtu anataka nini angali hai, na usichukue tabasamu lake kuwa jibu. Na huzuni yako usiifanye kuwa wosia wa mwenzako.

Kama nawe una mtu wako ambaye hukupata kumzika, andika jina lake hapa chini. Nitayasoma yote, moja moja.