Wanja wa Twaiba

Siku nilipomtoboa jicho mke mwenzangu, nilikuwa namuona nusu tu.

Msicheke. Upande mmoja wa uso wake ulikuwepo. Ule mwingine niliona doa jeusi, kama masizi ya sufuria.

Twaiba aliolewa na mume wangu Sefu, akaletwa hapahapa kwetu Msambweni. Sikumpenda na sikuficha. Siku ya Idi alipiga hodi kwangu.

"Shikamoo dada. Nimekuletea wanja, nimeusaga mwenyewe."

Nikaupaka ili Sefu aache kunisema. Wiki ya pili macho yakaingia ukungu. Kisogo kikaniuma hadi nikatapika. Halafu likaja lile doa.

Jirani yangu Dama akaninong'oneza, "Mwenzio kakutilia kitu kwenye wanja. Anataka uwe kipofu, mume abaki wake."

Nikaamini palepale. Nilikuwa natafuta sababu.

Nilimkuta Twaiba jikoni anakuna nazi.

"Umenitia nini machoni, mshenzi wewe?"

"Wallahi dada, sijakutia kitu. Wanja huohuo nami napaka."

Nikamkamata nywele, nikamburuza chini. Nikainyanyua ile mbuzi aliyokunia, nikamshushia nayo usoni. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Meno ya chuma yaliingia upande ule nisiouona. Nilichosikia ni ukelele wake, na damu ikanirukia mkononi.

Kisha nami nikaanguka.

Sefu alitupakia sote kwenye tuktuk moja. Hospitalini, daktari Kadzo akanipima: mia mbili thelathini kwa mia thelathini. Akanimulika machoni.

"Mishipa ya nyuma ya macho inavuja damu, mama. Hii ni presha. Hukujua unayo?"

Nilijua. Miaka mitatu. Dawa zilikuwa kabatini, niliziacha kwa kuwa sikuumwa popote.

"Na wanja?" nikauliza.

"Wanja hauhusiki."

Wiki hiyohiyo walilitoa jicho la Twaiba. Langu, baada ya miezi mitatu ya dawa, doa lilififia likaisha.

Twaiba hakwenda polisi. Alikataa mwenyewe. Kusema kweli, afadhali ningefungwa.

Sasa kila asubuhi anavuka ua, ananiwekea kidonge na kikombe cha maji.

"Umekunywa dawa, dada?"

Hanisemeshi lingine tangu siku ile.

Nendeni mkapime presha, hata kama hamuumwi popote. Na mkiandikiwa dawa, mzinywe. Zangu zilikaa kabatini, na aliyelipa ni Twaiba.